Mwani wa ziwani unavyopima hadubini ya daktari

JE, msomaji, umewahi kujiuliza ni nani anayeipima hadubini inayopima damu yako? Wengi wetu tukishapewa karatasi ya maabara iliyoandikwa kwamba hakuna malaria, huikunja tukaenda zetu. Lakini hadubini nayo huugua. Lenzi zake huota ukungu, hupata mikwaruzo na hupakwa mafuta pasipostahili. Hadubini iliyo hivyo inaweza kukosa kumwona mdudu aliye mbele yake.

Fikiria kisiwa cha Remba, katika kaunti ya Homa Bay. Ni mwamba mdogo ndani ya Ziwa Victoria uliosongamana nyumba za mabati, wanakoishi wavuvi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Eneo hilo la ziwa lina malaria nyingi na kichocho. Mgonjwa anayehitaji hospitali kubwa hana njia ila boti. Akipewa jibu lisilo sahihi, atapoteza nauli na siku ya kazi, na pengine maisha, kwa kuwa malaria kali haingoji.

Ajabu ni kwamba dawa ya kuipima hadubini imo katika maji hayo hayo ya ziwa.

Mwani wenye nyumba ya kioo

Ukishika jiwe lililokaa majini kwa muda utakuta utando wa rangi ya kahawia unaoteleza. Sehemu kubwa ya utando wa namna hiyo huwa ni diatomu. Hizi ni mwani mdogo mno, kila mmoja ukiwa na chembe hai moja tu, na hujijengea ganda la silika, yaani kitu cha jamii ya kioo. Ganda hilo lina sehemu mbili zinazofunikana kama sanduku na kifuniko chake.

Diatomu ikifa, ganda halioezi. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya udongo mweupe na mwepesi ambao ni maganda ya diatomu yaliyorundikana chini ya ziwa la kale. Udongo huo hutumiwa, miongoni mwa kazi nyingine, kuchujia vinywaji.

Kinachowavutia wataalamu wa hadubini ni nakshi. Ganda lina mistari na vitundu vilivyopangwa sawasawa, na nafasi kati ya mstari na mstari haibadiliki sana katika aina moja ya diatomu. Kwa hiyo ganda hilo ni kama rula iliyochorwa na maumbile.

Kukuza si kuona

Watu wengi hudhani hadubini bora ni ile inayokuza zaidi. Sivyo. Chukua picha ya gazeti hili uitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona vidoto vikubwa, lakini sura ya mtu haitaongezeka hata unywele mmoja.

Jambo la maana ni uwezo wa kutenganisha. Usiku wavuvi wa omena huwasha taa ziwani. Ukiwa mbali, taa mbili zilizo karibu huonekana kama moja. Ukisogea, zinaachana. Lenzi nzuri ndiyo inayoweza kuachanisha vitu viwili vilivyokaribiana sana.

Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanasayansi wa Ujerumani, alieleza kwamba uwezo huo una mpaka. Mpaka unategemea urefu wa wimbi la mwanga na upana wa pembe ambayo lenzi hupokea mwanga huo. Tukitumia mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, lenzi ya kawaida ya mara 40 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban mikroni 0.4. Lenzi ya mara 100, inayotumiwa kwa tone la mafuta maalumu, hufikia takriban mikroni 0.2.

Mtihani wenyewe

Katika karne ya 19, J. D. Möller wa mji wa Wedel, Ujerumani, alipanga diatomu za aina mbalimbali kwenye kioo kimoja, kuanzia zenye nakshi pana hadi zenye nakshi finyu. Njia hiyo ingali inatumika.

Diatomu iitwayo Pleurosigma angulatum ina vitundu vilivyoachana kwa mikroni 0.5 hivi. Lenzi nzima ya mara 40 inapaswa kuvionyesha. Amphipleura pellucida ina mistari iliyoachana kwa mikroni 0.25 tu, na hata hadubini nzuri yenye lenzi ya mafuta hutoka jasho kuionyesha.

Ikiwa vitundu vya Pleurosigma havionekani, mtaalamu wa maabara atafute sababu kwa utaratibu huu:

1. Lenzi ya mara 40 huenda imepakwa mafuta ya lenzi ya mara 100. Isafishwe.

2. Kikusanya mwanga kilicho chini ya meza ya hadubini huenda kimeshushwa mno, au tundu lake limefungwa. Kipandishwe na tundu lifunguliwe.

3. Lenzi huenda imeota ukungu kwa sababu ya unyevu. Hiyo ni kazi ya fundi.

Faida kwa mgonjwa

Si kila ugonjwa unaohitaji jicho kali namna hii. Yai la kichocho cha tumbo lina urefu wa takriban mikroni 140, na lenzi ya mara 10 hulionyesha bila shida. Malaria ni habari nyingine. Kimelea kichanga huonekana kama pete ndogo yenye nukta nyekundu, na nukta hiyo huwa na upana usiozidi mikroni moja. Hadubini yenye ukungu huifanya ifanane na uchafu wa rangi. Mpimaji hutakiwa kutazama angalau sehemu 100 za tone zito la damu kabla ya kusema hakuna malaria.

Mpaka huo wa mwanga unatufundisha jambo jingine. Kirusi cha Ukimwi kina upana wa takriban mikroni 0.1. Hakuna hadubini ya kawaida inayoweza kukionyesha. Vipimo vya kawaida vya Ukimwi hutafuta kingamwili ndani ya damu. Anayekuambia amekiona kirusi chako kwa hadubini yake anakudanganya, na usimlipe.

Ushauri

Ukiambiwa huna malaria lakini homa inaendelea, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Rudi upimwe tena, ikiwezekana kwa kipimo cha haraka cha damu au katika maabara nyingine. Mtoto mdogo au mama mjamzito asingojeshwe hata siku moja.

Nanyi mnaosimamia zahanati, wekeni kioo kimoja cha diatomu katika kabati la maabara. Kipimo hiki huchukua dakika chache tu, na kitawaambia mapema kama jibu mnalompa mgonjwa linaweza kuaminika.