Pima Kwanza, Bomoa Baadaye: Niliyojifunza Ngara na Biharamulo

Kazi yangu ni kupima majengo yaliyokwisha kusimama na kuyachora yalivyo, ili mwenye jengo, mhandisi na fundi wajue wanakarabati nini. Ngara na Biharamulo kazi hii haikosekani. Kuna nyumba za misheni, zahanati za zamani, na nyumba za familia zilizoongezwa chumba kwa chumba kadiri fedha ilivyopatikana. Nyingi hazina ramani kabisa.

1. Amini futi kuliko kauli. Mwenye nyumba akikuambia chumba ni futi kumi kwa kumi na mbili, hasemi uongo. Ndivyo alivyoagana na fundi. Lakini tofali za kuchoma hufyatuliwa kwa vibao vya saizi mbalimbali, lipu nayo huongeza unene, na chumba kilichoongezwa miaka mingi baadaye hakifuati kipimo cha kwanza. Pima kila ukuta, hata ule unaofanana na mwenzake.

2. Usijumlishe vipande. Ukipima dirisha, kisha ukuta, kisha mlango, kila kimoja peke yake, kosa dogo la kila kipande huingia kwenye jumla. Shikiza futi kwenye kona moja, iache hapo, usome kila ukingo hadi mwisho wa ukuta.

3. Vuka chumba kona kwa kona, mara mbili. Pande zinazotazamana zikilingana na ulalo wa kwanza ukawa sawa na wa pili, kona zako ni za mraba. Visipolingana, chumba kimekwenda upande, lakini sasa unazo pembetatu za kukichorea kilivyo. Vigae vikinunuliwa kwa ramani inayodai kila kona ni digrii 90, fundi atamalizia ukutani kwa kukatakata, na vitapungua.

4. Mteremko hudanganya. Hili ningependa kila fundi wa Ngara alijue, maana wilaya yenyewe ni milima. Ukilaza futi juu ya ardhi inayoshuka mita 1 kwa kila mita 5 za usawa, zile mita 10 ulizosoma ni kama mita 9.8 tu kwenye ramani. Karibu sentimita 20 zimepotea, na hizo zinatosha kuleta ugomvi wa mpaka na jirani. Shuka kwa vidaraja: vuta futi ikae sawa hewani, angusha timazi, piga kigingi, endelea.

Kwa usawa wa sakafu, mpira wa maji bado ni chombo cha kuaminika. Jaza maji kwenye mpira unaopitisha mwanga, toa viputo vyote vya hewa, watu wawili washike ncha zake, msubiri maji yatulie. Zungusha mstari mmoja wa penseli kwenye kuta zote, halafu pima kutoka hapo kwenda chini sakafuni na kwenda juu kwenye lenta. Mzee mmoja wa Rulenge alinionyesha mlango uliopigwa randa mara kwa mara ili ufunge. Mlango haukuwa na tatizo. Mstari ule ulionyesha kuwa kona ya upande wa bondeni imezama, na fedha ya mlango mpya ikaenda kwenye msingi.

5. Ufa nao huchorwa. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliumiza zaidi Bukoba na Missenyi, lakini liliufunza mkoa mzima wa Kagera kutazama kuta. Tia alama kwenye ncha zote mbili za ufa, andika upana na tarehe, urudi baada ya masika. Uliotulia unaweza kuzibwa. Unaoendelea kukua, usiupake lipu kabla mhandisi hajauona.

6. Panda darini. Mchwa hawaonekani ukiwa sebuleni. Chokoa kenchi kwa bisibisi, hasa pale mbao inapokaa ukutani.

7. Majengo ya zamani yana haraka zaidi. Boma la Wajerumani la Biharamulo ni la mwanzoni mwa karne ya 20, na waliolijenga hawapo tena kuulizwa. Zanzibar, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 iliporomoka sehemu yake kubwa Desemba 25, 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wakapoteza maisha. Jengo likishaanguka, fundi wa kulirudisha hubaki na picha na vipimo vilivyochukuliwa kabla. Kama havikuchukuliwa, atakisia.

Parokia, shule na halmashauri zenye majengo ya umri huo, nawaomba: yapimeni sasa, kabla bati la kwanza halijaezuliwa, na nakala moja ya ramani ibaki ofisini.