Mwovu Anapolia Kwanza



Mtoto aliyeangusha kikombe hasemi "nimekivunja", husema "kimevunjika". Kikombe, maskini, kimejivunjia chenyewe! Akibanwa zaidi atasema "nilisukumwa". Ameondoka kwenye kauli ya kutenda, akapitia kauli ya kutendeka, akafika kauli ya kutendwa, na safari yote hiyo haikumchukua hata dakika moja. Twacheka kwa kuwa ni mtoto. Lakini mtu mzima aliyekula fedha za kikundi akisema "nilipitiwa na shetani", sarufi ni ile ile, wala hakuna anayecheka.

Somo letu la safari hii ni juu ya waovu wa hadithini ambao wakishatenda hujifanya waliotendwa. Huenda mtu akauliza hadithi za kubuni zina kazi gani katika gazeti la parokia. Na amkumbuke Nabii Nathani. Hakumwendea Mfalme Daudi na mashtaka; alimpelekea kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akamkasirikia mtu asiyekuwapo duniani, akamhukumu, ndipo akaambiwa mtu huyo ni nani. Mwovu wa hadithi si jirani yetu wala shemeji yetu, kwa hiyo twaweza kumtazama bila woga na bila upendeleo.

Hebu tumtazame kwanza Makbeth, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1968. Makbeth amemwua Mfalme Duncan, mgeni aliyelala nyumbani mwake. Asubuhi maiti inapogunduliwa, yeye anaomboleza kwa maneno makubwa. Tena amewaua walinzi wa mfalme, ambao mkewe aliwapaka damu ili waonekane ndio wauaji. Akiulizwa sababu, anajibu kwamba mapenzi yake kwa marehemu yalimzidi nguvu. Walinzi hawawezi tena kujitetea, na mwuaji amekaa mahali pa mfiwa. Mwishoni, mambo yanapomgeukia, analalamika kwamba wale wachawi walimdanganya kwa maneno yenye maana mbili. Ni kweli, walimdanganya. Lakini kisu hawakukishika wao.

Kwa maoni yangu Edmund, katika tamthilia ya Mfalme Lear ya mwandishi huyo huyo, ni wa hatari zaidi. Yeye ni mtoto wa nje ya ndoa, na baba yake, Gloucester, humfanyia mzaha mbele ya watu kuhusu kuzaliwa kwake. Uchungu wake una sababu. Basi anaghushi barua ili kaka yake, Edgar, aonekane anataka kumwua baba yao. Kisha anajikata mkono mwenyewe kwa upanga na kumwonyesha baba damu, kana kwamba kaka yake ndiye aliyemjeruhi. Baba anaamini, na Edgar asiye na hatia anasakwa kama mnyama.

Damu ile ilikuwa damu ya kweli. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, maana twadhani kila anayejifanya mdhulumiwa ni mwongo mtupu. Mara nyingi sivyo. Jeraha lipo, ila limepewa kazi isiyo yake, yaani kujibu swali lingine kabisa.

Shaaban Robert alilijua jambo hili. Katika Adili na Nduguze (1952) twakutana na manyani wawili wanaochapwa usiku, na Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anashuhudia. Nani asingewahurumia? Baadaye twaelezwa kwamba manyani hao ni Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini ndugu yao aliyewafadhili. Adili naye hawachapi kwa furaha, ameamriwa. Mwandishi hakukana maumivu yao, wala hakuyaacha yafute walilolitenda.

Katika Kusadikika (1951) anayelia ni mwenye nguvu. Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kufundisha elimu ya sheria, kana kwamba nchi nzima imo hatarini kwa ajili ya mtu mmoja asiye na hata fimbo. Karama hakujibu kilio kwa kilio. Alisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi yao mema, na waliporudi wakatiwa gerezani. Alivirudisha vitenzi kwa wenyewe: nani alituma, nani alifunga.

Tuje sasa hapa kwetu Ruaha. Tuseme kijana ametumwa kupokea malipo ya miwa ya mama yake, naye akarudi mikono mitupu. Wazee wakikaa, anaanza mbali: tangu utotoni hakupendwa, mdogo wake alisomeshwa na yeye akaachwa. Huenda yote ni kweli. Mama analia. Punde si punde mama ndiye anayeomba radhi, na fedha za miwa hazitajwi tena! Kikao cha namna hiyo kina maswali mawili, wala lisijibiwe moja kwa niaba ya lingine. "Uliumizwa wapi?" ni swali la haki, na lisikilizwe kwa huruma, hata kama ni siku nyingine. "Fedha ziko wapi?" lataka kauli ya kutenda.

Lakini wazee nao wasigeuke mawe. Mama anayesema "napigwa" hakwepi lolote. Asema lililo kweli, na hana kitenzi kingine cha kutumia. Kauli ya kutendwa ina wenyewe, na mwovu anayeivaa amewaibia hao, hata siku wanapokuja wao kulia hawaaminiwi.

Kwa kikao kijacho someni 2 Samweli 12:1–13 na Mwanzo 3:9–13. Njoni na penseli, mpigie mstari kila kitenzi ambacho Daudi, Adamu na Hawa wanakitumia kwa nafsi zao. Jibu la Daudi ni fupi mno, na halimtaji mtu mwingine wa kubeba lawama. Katika Mwanzo kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: Adamu akishamtaja mwanamke, na Hawa akishamtaja nyoka, wote wawili wanamalizia kwa kitenzi kile kile kimoja. Kitafuteni, mseme kiko katika kauli gani.