Fundi wa Kompyuta na Nakala za Wizi

Mtu akikuibia jembe, unabaki mikono mitupu. Lakini akinakili programu ya kompyuta, wewe bado unayo. Ndiyo maana hata fundi aliyesomea kazi hii hujiambia, "Kwani nimechukua nini?"

Jambo hili si geni. Mwaka 1976 kijana Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta huko Marekani. Alilalamika kwamba mashine wanalipia, lakini programu wanagawana tu. Alisema hata asilimia 10 ya wenye kompyuta za Altair hawakuinunua BASIC yake.

Sababu tunazijua: bei ni kali, mkubwa anataka kazi leo, mteja hataki gharama, na kila mtu anafanya. Hizo ni sababu, si ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu pia. Tena ziko za bure na halali, kama LibreOffice.

Jadilianeni: Fundi akiandika programu ya chama chenu, na chama jirani wainakili bila kumlipa, atakula nini?