SOMO: Ugonjwa Mmoja wa Zinaa Hufungulia Mwingine Mlango



Katika semina za vijana tumezoea kuzungumzia UKIMWI peke yake. Lakini kijana anaweza kuwa na kisonono, klamidia na VVU kwa pamoja. Vidonda vya kaswende, na uvimbe uletwao na kisonono, hurahisisha VVU kupenya mwilini.

Yanayoongeza hatari ni haya:

1. Wapenzi zaidi ya mmoja kwa kipindi kimoja, bila kondomu.
2. Kukosa dalili: wanawake wengi wenye klamidia hawahisi chochote.
3. Kununua dawa kiholela na kukatisha dozi.
4. Kutibiwa mmoja, mwenzi akaachwa.

Vijijini Mwanza, utafiti wa 1991–1994 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa 1999, haukupata punguzo hilo. Basi tiba pekee haitoshi. Elimu na upimaji viende pamoja nayo.

Tunaiomba kila kamati ya usharika: kijana anayeuliza asihukumiwe. Aelekezwe zahanati mapema, pamoja na mwenzi wake. Akiaibishwa leo, kesho atanyamaza na kuambukiza wengine.