Mfupa wa samaki usiishie kwenye "uzembe"

Swali: Kiwanda chetu cha maziwa kinatumia programu ya kusimamia ubora. Ina mchoro wa mfupa wa samaki, lakini kila tukiujaza tunaishia kuandika "uzembe wa wafanyakazi". Tunakosea wapi?

Jibu: Mnakosea kichwani mwa samaki. Hapo huandikwa tatizo, nalo lazima lipimike: si "maziwa yanaharibika", bali "pakiti za nusu lita za zamu ya usiku zinachacha siku mbili kabla ya tarehe". Tatizo likiandikwa juujuu, lawama humwangukia aliye karibu.

Mchoro huu, unaoitwa pia kwa jina la Mjapani Kaoru Ishikawa, huwa na miiba ya watu, mashine, malighafi, mbinu, vipimo na mazingira. Shikeni mwiba wa mashine, muulize "kwa nini" mfululizo. Pakiti zinachacha kwa sababu zinaingiza hewa; mshono haushiki; taya za kuunganishia hazipati joto la kutosha; kihisi cha joto kinasoma vibaya; hakimo kwenye ratiba ya ukaguzi. Ratiba mnaweza kuirekebisha leo.

Msiujaze bila fundi na mwendeshaji wa zamu hiyo. Tafadhali waiteni, hata kama kikao kitachelewa.

Kisha kila sababu iambatanishwe na ushahidi ndani ya programu. Isiyo nao ibaki dhana. Iliyothibitika ifunguliwe hatua ya marekebisho yenye mhusika na tarehe, na isifungwe kabla vipimo vya zamu zinazofuata havijaonyesha mabadiliko.