SOMO LA AFYA: Mlio wa simu unavyopima masikio ya mtoto wako



Je, una mtoto ambaye ukimwita mara tatu haitiki? Mwalimu anasema ni mkaidi au mzito wa kuelewa? Kabla ya kumwadhibu, jiulize kwanza kama anasikia. Mtoto mwenye tatizo hili mara nyingi hasemi, kwa sababu hajui wenzake wanasikia nini.

Siku hizi baadhi ya wahudumu wa afya hupima masikio kwa simu ya mkononi na hedifoni. Wazazi wengine huogopa kifaa hicho. Hakina sindano wala maumivu. Tujifunze kinavyofanya kazi.

1. Mlio unatoka wapi?

Sauti ni mtetemo wa hewa. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja hupimwa kwa hezi (Hz). Programu ya kupimia hutengeneza mlio kwa hesabu: kila sekunde hutoa namba 44,100 au zaidi. Simu hugeuza namba hizo kuwa umeme, na umeme hutikisa kiwambo chembamba ndani ya hedifoni. Kikitikisika mara 1,000 kwa sekunde, mtoto husikia mlio wa Hz 1,000.

Mlio huo huanza na kuisha taratibu. Ukianza ghafla hutoa "tak!", na mtoto anaweza kuitikia "tak" hiyo badala ya mlio wenyewe.

2. Kwa nini milio mitatu?

Kwa kawaida hutumika Hz 1,000, 2,000 na 4,000, kwa sababu inasaidia kujua kama mtoto anasikia maneno vizuri. Asiyesikia mlio wa juu anaweza kuitika jina lake, lakini akachanganya "fika" na "shika". Darasani atapotea. Mlio wa chini zaidi humezwa kirahisi na kelele za nje.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Milio ya kupima watoto huwa midogo sana, mara nyingi desibeli 20 hadi 25.

3. Kipimo kinavyofanyika

- Mtoto hukaa mahali pa utulivu, mbali na bomba la maji na mashine ya kusaga.
- Huvaa hedifoni na kufundishwa kwa mlio mkubwa kidogo.
- Kila akisikia mlio, hunyosha mkono. Kila sikio hupimwa peke yake.
- Mzazi asimwonyeshe ishara yoyote.

Mtoto mdogo sana asiyeweza kufuata maelekezo huhitaji kipimo cha aina nyingine.

4. Je, naweza kupima nyumbani kwa simu yangu?

Hapana. Hedifoni za kupimia zimerekebishwa pamoja na simu yake, ili desibeli 25 iwe kweli 25. Hedifoni za sokoni hazina uhakika huo, na mlio mkubwa unaweza kuumiza sikio.

5. Asipoitikia milio?

Usiogope. Haina maana kwamba ni kiziwi. Atapimwa tena, na sikio litaangaliwa ndani. Huenda ni nta iliyoziba, au usaha, na hayo yana matibabu. Sababu nyingine ni surua, homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya dawa kama jentamaisini na streptomaisini. Usiache dawa uliyoandikiwa. Mwambie mganga ukiona dalili.

Usitie mafuta, majani wala njiti sikioni.

Na aliyefaulu leo anaweza kupata tatizo baadaye. Sikio likitoa usaha, au mtoto akianza kuongeza sauti ya redio, mrudishe kituo cha afya.

Maswali ya kujipima

1. Hz 2,000 ina maana gani?
2. Kwa nini mlio usianze ghafla?
3. Taja dalili mbili za mtoto asiyesikia vizuri.

Mzazi, soma somo hili pamoja na jirani asiyejua kusoma. Mtoto akikaa mbele karibu na mwalimu, akatibiwa mapema, huenda yule "mkaidi" akawa mwanafunzi mzuri.

Afya ya mtoto ni jukumu letu sote.