Dondoo Muhimu: Unatafuta kikundi cha kuacha pombe?

Piga simu kwanza. Ukiwa Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure. Uliza kuhusu ushauri nasaha na vikundi vilivyo karibu nawe. Kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya serikali nayo ni mahali pa kuulizia.

Fahamu aina za mikutano. Alcoholics Anonymous (AA), jumuiya ya watu wanaosaidiana kuacha pombe iliyoanzia Marekani mwaka 1935, ina mikutano ya wazi, ambayo hata ndugu au rafiki anaweza kuhudhuria, na ya faragha, ya wenye tatizo pekee. Uliza kabla ya kwenda.

Usiogope gharama wala dini. AA haina ada. Kinachotakiwa ni nia ya kuacha kunywa. Vikundi vingi hukutana kanisani kwa sababu ya ukumbi tu. Jina la kwanza linatosha, na halazimishwi mtu kuzungumza.

Hakikisha siku, saa na lugha. Ratiba hubadilika. Kama uko mbali, omba mkutano wa mtandaoni.

Usihukumu kwa siku moja. Kikundi cha kwanza kisipokufaa, jaribu kingine.

Familia isisahaulike. Vikundi vya Al-Anon ni kwa ajili ya jamaa na marafiki wa mlevi.

Tahadhari: Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona daktari. Kutetemeka sana, degedege au kuona mauzauza ni dharura: mkimbize hospitali.